UZI: Inua Jamii ya walemavu, hii "subiri mama" huishia wapi?

MamaKeLikoni

Salam aleikum wadau, na wengine habari zenu. Mie ni mama wa hapa Likoni, nna kijana wangu ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, sasa ameshakuwa mkubwa mabega yanataka kupita yangu lakini kutembea hatembei, kukaa mpaka aegemezwe, kula ni kulishwa uji na vitu vilaini na ukiharakisha kijiko anapaliwa. Kazi za nje siwezi, nikitoka nani atamgeuza.

Basi kuna watu walikuja mtaani kuandikisha Inua Jamii, zile pesa za serikali za kila mwezi, fungu la walemavu wanaotaka mtu wa kuwaangalia kutwa kucha. Walikuja na simu zao wakauliza nyumba ni mabati au makuti, choo ni cha nani, napikia nini, nna mbuzi wangapi (mbuzi, Likoni hii!), wakapiga picha kitambulisho changu wakenda zao. Tangu hapo ni subiri. Nikienda ofisini naambiwa subiri, nikipiga simu naambiwa subiri, mwengine aniambia "jina liko Nairobi", mwengine "sistimu haijafunguka". Jirani yangu mwenye mama mzee yeye ashaanza kupokea zamani.

Sasa mie swali langu ni hili, mtu anajuaje kama amekataliwa? Maana hata hapana sijaambiwa. Na je hizi pesa zikija watanihesabia tangu nilipoandikisha ama vipi? Nisaidieni, nimechoka kuuliza watu ambao hata kichwa hawainui.

Mvita001

Pole sana mamangu. Hiyo ya mbuzi nimecheka lakini ndo hivyo, fomu ni moja nchi nzima, anayeulizwa Turkana ndo hayo hayo utaulizwa wewe wa Likoni. Wanapima umaskini kwa vitu vya ndani ya nyumba.

kijana_wa_mtongwe

Mama tafuta mtu wa ndani umpe chai kidogo jina litapanda. Bila hivyo utangoja mpaka kiyama.

BintiMajengo

We kijana usimpoteze mama wa watu. Pesa yenyewe ni 2,000 kwa mwezi, sasa atoe ya mwezi ambao hajapata ili apewe ya mwezi asioujua? Na huyo "mtu wa ndani" akisha kula atakwambia nini, si subiri vile vile. Dada Likoni usitoe hata shilingi, na akikupigia mtu simu ati jina lako limetoka tuma namba ya siri, kata.

Mie nna dadangu mdogo hali kama hiyo ya mwanao. Nepi za watu wazima pakiti haifiki wiki, hiyo 2,000 haitoshi wallahi, lakini ni 2,000 yake yeye, si ya kuomba kwa kaka.

karani_mstaafu

Dada yangu wa Likoni, nimefanya kazi za mafaili maisha yangu yote kwa hivyo nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kwanza tutenganishe mambo, kwa sababu hapa pwani kila kitu kinaitwa "ile ya walemavu" na watu wanangoja mlango mmoja huku faili liko mlango mwengine. Kuna kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Hiyo unapimwa hospitali ya serikali, jopo la madaktari linaandika ripoti, unasajiliwa. Kadi haileti pesa kila mwezi. Inafungua milango mengine, kama vifaa na misaada ya ule mfuko wa Baraza, na kwa mwenye mshahara msamaha wa kodi kwa 150,000 za mwanzo za mwezi, nao huo anaomba mwenyewe KRA, ofisi ya kodi, hauji peke yake. Halafu kuna NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ambao ni wa mwanachama aliyekatwa pesa akashindwa kufanya kazi kabisa. Halafu ndo Inua Jamii.

Na Inua Jamii yenyewe ina makundi, wazee wa 70 kwenda juu, mayatima, na walemavu wa hali nzito. Jirani yako mama yake ameingia kwa uzee, foleni yake si yako kabisa, usijilinganishe naye utaumia bure. Kwa mzee mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho unatosha kumaliza ubishi. Kwa mwanao kuna mtu lazima aandike kwamba huyu hawezi kuachwa peke yake, na hapo ndipo mambo hukwama.

Safari ya jina ni hivi: wanakuja nyumbani wanachukua habari, habari zinapigiwa hesabu kuona hali ya nyumba, majina yanarudishwa kwa wanakijiji yathibitishwe, kisha yanangoja nafasi maana bajeti ina kikomo, kisha ndo unasajiliwa rasmi na njia ya kupokelea pesa. Mtu anaweza kupita kila pahali akakaa akingoja nafasi tu. Mwengine amekwama mwanzo kabisa. Wote wawili wakienda ofisini wanajibiwa neno moja.

Kwa hivyo usiulize tena "limetoka?" Uliza "faili la mwanangu liko hatua gani, na kwenye faili mumemuandika nani?" Je, kadi ya Baraza anayo?

MamaKeLikoni

Kadi anayo ami, ahsante. Ile kadi nayo ina kisa chake. Hospitali moja ya serikali, sitaitaja, nilimpeleka tukakuta daktari mmoja wa kutia sahihi hayuko, nikaambiwa rudi. Kurudi kwenyewe si wewe kupanda gari ukenda, ni kumtoa kitandani, kumtia kwenye kiti, kusukuma kiti mpaka feri, ule mteremko wa kushukia unashikilia kwa mikono miwili na visigino, ukivuka upande wa mji uanze kukisukuma kupanda, vijana wengine Mungu awabariki wanasaidia bila hata kuitwa. Kisha tuktuk, kiti kikunjwe, yeye nimpakate.

Lakini siku alipopimwa yule daktari alikuwa mtu. Alimpa kalamu aishike. Mwanangu kidole gumba kimekunjika ndani ya kiganja, hakifunguki hivi hivi, basi daktari akakifungua polepole kidogo kidogo mpaka kalamu ikaingia, akamngojea, na ilipoanguka hakuiokota haraka, alimtazama kijana kwanza. Kisha akaandika.

Nilidhani baada ya hapo ni kama nimemaliza. Kadi ninayo kwenye pochi ya nailoni, nikionyesha naambiwa vizuri mama, subiri.

fundi_gongo_moja

Mie mguu ulikatwa juu ya goti, ajali ya pikipiki. Niliomba hiyo Inua Jamii nikaambiwa ati mimi si mlemavu wa kutosha. Sasa mguu wa pili niukate ndo watosheke? Mie fundi wa kuchomelea, kusimama kutwa siwezi, wateja wakiona gongo wanapeleka geti kwa mwengine.

karani_mstaafu

Pole fundi. Walivyokwambia ni vibaya, lakini mpango wenyewe uliwekewa wale wasioweza kujihudumia hata kidogo, ndo maana mara nyingi mlezi ndiye anayepokea kwa niaba. Wewe mguu umekwenda lakini unajilisha, unajivalia. Usingoje hapo, utazeeka ukingoja.

Wewe peleka kadi kwa Baraza uombe vifaa vya kazi, ule mfuko wao una fungu la zana kwa watu wenye ujuzi. Mashine ya kuchomelea ni kitu cha kuombwa. Na zabuni za serikali, 30% zimetengewa vijana, kina mama na watu wenye ulemavu, madawati ya shule na mageti ya ofisi yanachomelewa na nani kama si nyinyi. Nawe tafuta wenzako pale Bombolulu, pale karakana ilianza 1969, mafundi wenye ulemavu wanafanya vito, mbao, ngozi. Hata kama hupati kazi utapata watu wanaojua ofisi gani ina mtu wa kusikiliza.

Ajali ya pikipiki ulikuwa kazini? Maana kama ulikuwa umetumwa na mwajiri, kuna sheria ya fidia ya kuumia kazini ya 2007, madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali.

fundi_gongo_moja

La, nilikuwa natoka kumtazama shangazi. Hiyo ya mashine ya kuchomelea sijaisikia kwa mtu hata mmoja. Ahsante mzee.

Shangazi_Brum

Jamani nawasoma kutoka Birmingham, mie mzaliwa wa Kibokoni. Huku pia watu wanangoja msidhani. Mie naumwa maungo, niliomba ile PIP, pesa za serikali ya huku kwa wagonjwa na walemavu, fomu yake ukiiona utalia, wanauliza unavyooga, unavyopika, unavyokwenda chooni, yaani mambo ya kumficha hata mkwe. Nikangoja mpaka nikaona haya kufungua sanduku la barua. Lakini tofauti ni kwamba mwisho barua huja. Ndiyo au hapana, na sababu, na ukikataliwa una mwezi mmoja wa kuwaambia waangalie upya, wakikataa tena unakwenda mbele ya majaji wa rufaa. Na ukikubaliwa wanakulipa tangu siku ulipoomba. Hiyo ya kungoja bila barua mimi ingeniua.

BintiMajengo

Shangazi usitutie uchu. Huku za nyuma hazipo, dadangu alipoingizwa hesabu ilianza alipoingizwa. Miaka yote ya kungoja imekwenda na maji. Ndo maana kukaa kimya kuna hasara, si kwamba pesa zinakungoja mahali zikizaa.

kijana_wa_mtongwe

Sasa si ndo nilisema. Msiotaka kutoa chai ngojeni barua ya Birmingham.

Mvita001

Kijana wewe unafanya kazi kwenye hizo ofisi nini? 😂

karani_mstaafu

Tuendelee. Barua ya Birmingham hata sisi tunayo haki nayo, shida hatuidai. Katiba ya 2010 kifungu cha 47 kinasema mtu akitendewa jambo na ofisi ya serikali litendeke upesi na kwa haki, na uamuzi ukimdhuru apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 43 kinasema serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Sasa "subiri" si uamuzi. Huwezi kukata rufaa kwa subiri. Karani akikwambia subiri hajafanya kosa lolote kwenye karatasi, kesho akiulizwa atasema huyu mama hajawahi kuandika chochote, na atakuwa anasema kweli.

Dawa yake ni sheria ya kupata habari ya 2016. Unaandika barua unaomba habari zilizo kwenye faili lako. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria inataja Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika au asiyeweza kwa ulemavu, afisa anatakiwa amsaidie maombi yake yaandikwe. Kupeleka maombi hakuna ada, labda gharama ya kutoa nakala. Na wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wanaoitwa Ombudsman, ofisi wanayo hapa hapa Mombasa, huna haja ya kupanda treni.

Dada, andika nakala mbili. Moja wabaki nayo, moja wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe. Bila muhuri umepeleka karatasi ya kufungia viazi karai.

MamaKeLikoni

Ami mimi barua za kiofisi sijui, darasa langu liliishia pale pale. Lakini nitaandika nilivyo.

karani_mstaafu

Andika ulivyo. Maneno magumu wataandika wao.

BintiMajengo

Na kuna ile namba ya bure ya Inua Jamii, 1533, piga pia uwape namba ya kitambulisho chako. Sisi walitusomea kitu kwenye kompyuta angalau tukajua jina lipo. Lakini barua usiache, simu haina muhuri.

MamaKeLikoni

Wadau nimerudi. Samahani nilinyamaza, kijana alishikwa na kifua.

Barua niliipeleka ofisi moja. Kijana wa mapokezi akaisoma akasema mama hizi zinaandikwa kwa Kiingereza. Nikamwambia sheria ya 2016 yasema hata Kiswahili. Akanitazama. Akaingia ndani, akakaa huko, akatoka na mama mmoja mkubwa mkubwa hivi wa heshima, akaisoma yote akiwa amesimama, akasema pigeni muhuri. Basi.

Jibu limekuja, nimeitwa nikaambiwa kwa mdomo kwanza kisha nikasema nataka kwa maandishi (nilikuwa natetemeka lakini nilisema). Sasa sikieni. Nyumba yangu iko kwenye sistimu, haijapotea. Mwanangu yuko, jina sawa, umri sawa. Pale pahali pa ulemavu pako tupu. Yule aliyekuja na simu aliuliza mbuzi, aliuliza choo, na mtoto alikuwa amelala pale pale kwenye godoro mbele yake, akaandika vyote ila hicho. Yaani miaka yote nilikuwa nangoja uamuzi ambao hakuna mtu alikuwa anaufanya. Hawakunikataa. Hata hawakujua kuna mlemavu nyumba hii.

Yule mama mkubwa hakuniambia subiri, aliniambia "hili tutalirekebisha, leta nakala ya kadi na ripoti ya hospitali." Nimepeleka. Watakuja nyumbani kuhakikisha. Sijapata hata senti bado, msije mkanipongeza, lakini nimelala usingizi.

BintiMajengo

Subhanallah. Sasa wangapi wako hivyo na wanasema serikali imewanyima?

Shangazi_Brum

Nimelia kwenye basi. Watu wa Birmingham wananitazama.

Mvita001

Duh. Mbuzi wameandikwa sufuri, mtoto hakuandikwa kabisa.

karani_mstaafu

Hongera sikupi kama ulivyosema. Lakini fanya haya: siku watakayokuja nyumbani awepo mtu mzima mwengine asikie, mzee wa mtaa akiweza ni bora zaidi. Toa kadi na ripoti kabla hawajauliza. Wakimaliza waulize wakusomee walichoandika pale pa ulemavu, usione haya, ni habari za mwanao. Kisha baada ya muda andika barua ya pili fupi, "kufuatia marekebisho ya tarehe fulani, naomba kujua jina liko hatua gani." Sasa ndo unaingia foleni ya kweli, ya nafasi, na hiyo nayo inaweza kuwa ndefu sitakudanganya. Ila utakuwa unangoja kitu kilichopo.

Na kiti chake kama kimechakaa usingoje Inua Jamii kwa hilo, tembelea APDK, kile chama cha walemavu, pale Port Reitz uwaulize, kazi hizo za viti na mazoezi ya viungo ndo zao.

kijana_wa_mtongwe

Mama hongera bwana. Lakini chai ingekuwa haraka.

BintiMajengo

Chai ingekwenda kwa mtu, na pale pa ulemavu pangebaki tupu. Fikiria basi hata kidogo.

fundi_gongo_moja

Mama Likoni, tafadhali tuwekee ile barua tuone ilivyokaa. Na mimi nataka kuuliza kuhusu ombi langu la vifaa, maana nilipeleka fomu juzi na tayari naona dalili za subiri.

MamaKeLikoni

Hii hapa, msinicheke:

"Kwa Afisa wa Habari. Mimi ni mama na mlezi wa mtoto mwenye ulemavu, kitambulisho changu namba nimeandika chini. Tuliandikishwa Inua Jamii nyumbani kwetu Likoni. Kwa sheria ya kupata habari ya 2016 naomba kujua haya: mwanangu ameandikwaje kwenye rekodi zenu, ombi lake liko hatua gani, kama kuna uamuzi umefanywa ni upi na kwa sababu gani, na kama hakuna ni nini kinachongojwa. Naomba jibu kwa maandishi. Mtoto siwezi kumuacha peke yake kwa hivyo mkinipigia simu kabla sijaja nitashukuru. Nakala ya kadi yake nimeambatisha."

Hiyo ya simu niliiongeza mwenyewe, na walipiga kweli.

Mvita001

Barua safi kabisa hii. Mie nna saiba karibu na feri, yeyote wa Likoni anayetaka kuprinti hiyo barua aje, nakala mbili bure, aseme tu ametoka kwenye uzi.

fundi_gongo_moja

Nakuja kesho asubuhi. Mzee karani, hapo juu "Afisa wa Habari" niandike jina lake ama cheo tu?

karani_mstaafu

Cheo tu, wenyewe wanahamishwa kila saa. Na namba ya simu iandike wazi wazi, saba yako isifanane na moja.